Halikuwa Bwawa, Lilikuwa Handaki

Wasee wa Kisii na Nyamira, mnakumbuka Mai Mahiu? Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yalifagia kijiji cha Kamuchiri na kuua watu zaidi ya 40. Kwanza tukaambiwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema hapana: handaki la kupitisha mto chini ya tuta la reli lilikuwa limeziba. Maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka likaachia.

Sasa cheki kwetu. Milima mikali, mvua haichezi, na barabara zimepita juu ya makalvati hatujawahi kuyaona. Nani huingia humo na tochi kabla ya masika? Jana nilichungulia la karibu na kwetu. Nusu ni chupa na magome ya migomba.