Popo wa Uwinka

Watalii wanaoingia msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, hushukia Uwinka kwenda kupita juu ya daraja linaloning'inia kati ya miti. Wataalamu wa popo wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Ndiko alikotoka popo ambaye Villy Aellen, mwanasayansi wa Uswisi, alimtambulisha mwaka 1973 na kumpa jina la John Edwards Hill, bingwa wa popo katika makumbusho ya London: Rhinolophus hilli.

Baadaye walionekana wengine wachache tu, kisha kimya. Takriban miaka 40 ilipita bila mtu kumtia mkononi, hata ikahofiwa kuwa ametoweka. Neno hilo huwa silimezi haraka. Kiumbe anayeruka usiku, kwenye mvua na baridi, ndani ya msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000, hahitaji kutoweka ili asionekane.

Januari 2019, watafiti wa shirika la Bat Conservation International na wenzao wa Rwanda, pamoja na Mkenya Paul Webala, walikesha msituni siku kumi na nyavu zao. Akanasa.

Uso ndio uliomchongea. Popo wa jamii hii hutoa sauti puani, si mdomoni, na puani hapo wana ngozi iliyopinda kama kiatu cha farasi, inayoielekeza sauti mbele kama kioo cha tochi kinavyoelekeza mwanga. Huyu wa Nyungwe amepitiliza: ngozi imetanda usoni, na masikio utadhani kaazima kwa sungura.

Hata hivyo tangazo la kupatikana kwake lilingoja hadi 2022. Ilibidi vipimo vyake vilinganishwe kwanza na vya popo waliohifadhiwa kwenye makumbusho ya Ulaya, kazi isiyo na shangwe lakini isiyokwepeka.

Kwangu mimi, windo kubwa la safari ile ni sauti yake, iliyorekodiwa kwa mara ya kwanza. Sikio la binadamu haliisikii, ila mashine huinasa. Kwa hiyo askari wa hifadhi wakatega vinasa sauti sehemu 23 kwa miezi tisa, wakakusanya mafaili karibu robo milioni. Alisikika sehemu nane, zote katika kieneo kidogo cha msitu.