Vijana Waliokufa Ghafla: Tarehe ya Nchi ya Mokambo na Sakania

Mokambo iko mpakani kabisa. Ukivuka kizuizi unaingia upande wa Mufulira, Zambia. Ukifuata barabara ya mashariki unafika Chembe kwenye mto Luapula, na safari yote hiyo, yapata kilomita 70, uko ndani ya ardhi ya Kongo iliyotokeza katikati ya Zambia kama ulimi. Mpaka huo ulichorwa katika mkataba wa 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Léopold, na wapimaji walikuja kuweka alama zake miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walala na Walamba wakajikuta huku na huko: kaka analipa kodi kwa Wabelgiji, mdogo wake kwa Kampuni ya Waingereza. Leo wapita njia huona malori ya shaba na wabadilisha fedha tu. Mimi nataka kuandika habari za watu wa kale zaidi, vijana wa kazi walioondoka vijijini humu wazima wa afya na hawakurudi, na yaliyowapata wazee wao baadaye.

Reli kutoka kusini ilifika mpaka wa Sakania mwishoni mwa 1909, na 1910 ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imekwisha kuundwa tangu 1906, na 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Kila kitu kilihitaji mikono. Mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail ya Katanga kutafuta watu upande wa Kongo, na kampuni ya Robert Williams ikawaandikisha vijana wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Aliyetaka fedha ya kodi alikuwa na njia mbili kuu: mgodi au shamba.

Shamba linasahauliwa sana katika historia ya Katanga, ingawa mgodi haukuweza kwenda bila unga. Kwanza unga mwingi ulitoka ng'ambo kwa treni. Serikali ya Ubelgiji ikajaribu kuwaweka wakulima Wabelgiji kandokando ya Elisabethville, na wengi wao walishindwa. Waliobaki waliajiri vijana wa vijijini kung'oa visiki, kulima na kuchunga. Mshahara wa shamba kwa kawaida ulikuwa chini ya ule wa mgodini. Kijana alipewa posho ya unga, blanketi, na mahali pa kulala ambapo wengi walibanana.

Huko ndiko kifo kilikokuja haraka. Wauaji wakubwa wa wafanyakazi wa Katanga katika miaka ile walikuwa kichomi na kuhara damu. Daktari Pearson, aliyekuwa mganga mkuu wa Union Minière, alitoa mwaka 1923 pamoja na mwenzake Mouchet kitabu kizima juu ya usafi wa kambi za wafanyakazi. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi mahali ambapo watu hawafi. Mtu anayetoka bonde lenye joto analala chini kwenye baridi ya Juni ya uwanda wa juu, na mwenzake wa kando anakohoa; siku ya kwanza anasema kifua kinambana, na baada ya siku chache wenzake wanachimba kaburi. Mgodi angalau ulikuwa na daktari na daftari. Shamba lilikuwa na bwana mwenye shamba tu, na pengine chupa ya kwinini.

Kisha ikaja 1918. Mwezi wa Septemba meli zilizobeba wanajeshi wakirudi kutoka Ulaya, zikiwa zimepitia Freetown, zilitia nanga Cape Town, na homa kali ya mafua ikashuka nazo. Ikapanda treni. Ilipita Kimberley, ikafika Bulawayo, ikafuata reli ileile iliyoleta wafanyakazi na unga, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshaingia Katanga. Duniani kote ugonjwa huo uliua mamilioni mengi ya watu, na ulikuwa na jambo moja la kutisha kupita mengine: uliwachagua watu wazima wenye nguvu, wa miaka ishirini na thelathini. Upande wa Rhodesia vijana wengi walikuwa wapagazi wa vita, wale walioitwa tengatenga, waliobeba mizigo ya jeshi dhidi ya von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani. Jenerali huyo alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi wakaachiliwa warudi kwao katika majuma yaleyale ambayo homa ilikuwa ikisambaa. Wengine waliiponea vita wakafia njiani.

Katika nchi hii kijana hafi hivihivi. Clement Doke, mmisionari wa Kibaptisti aliyeishi Kafulafuta karibu na Ndola kuanzia 1914 na baadaye akaandika kitabu kikubwa juu ya Walamba, aliona jinsi kifo kinavyofuatwa na swali. Mzee aliyekula chumvi akifa, watu hulia na kuzika. Kijana akifa ghafla, lazima aulizwe. Njia mojawapo iliyojulikana katika nchi hizi ni kumwuliza maiti mwenyewe: anafungwa kwenye fito, vijana wanambeba mabegani, na mwulizaji anasimama mbele akitaja sababu moja baada ya nyingine. Wabebaji husema si wao wanaokwenda; fito ndizo zinazowasukuma, mbele au nyuma, na mwishowe zinaelekea kwenye mlango wa nyumba fulani. Mwenye nyumba ile hujua kuwa ameshtakiwa.

Sasa fikiri juu ya kijana aliyefia shambani karibu na Elisabethville. Maiti hayupo. Habari imekuja kwa mdomo wa mtu aliyeshuka treni Sakania, pengine mwezi mzima baadaye. Hakuna wa kubebwa, hakuna wa kuulizwa. Mama anabaki na jina tu, na kijiji kinabaki na shaka isiyo na pa kwenda. Zamani kulikuwa na mwavi, kiapo cha kunywa sumu: asiye na hatia atapike, mwenye hatia afe. Serikali za pande zote mbili zilikataza. Upande wa Rhodesia sheria ya 1914 ilifanya hata kumwita mtu mchawi kuwa kosa. Wazungu walidhani wameondoa ushirikina. Mimi naona waliacha jeraha wazi na kufunga mlango wa mganga.

Mwaka 1925 mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Tomo Nyirenda alitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alikuwa amesoma katika shule za misheni ya Livingstonia, na alikuja Rhodesia ya Kaskazini kutafuta kazi kama maelfu ya wenzake. Akaingia katika mafundisho ya Watchtower, akaanza kuhubiri na kubatiza Walala. Alijiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Aliwaambia watu wapendane na waache uchawi, na watu wakamfuata mtoni kwa makundi. Chifu Shaiwila akamwita, akamtaka awatambue wachawi wa nchi yake, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao chifu mwenyewe alikuwa na ugomvi nao. Ubatizo ukageuka kuwa kipimo. Aliyezama kabisa majini alikuwa safi. Ambaye kichwa chake kilikataa kuzama alikuwa mchawi, naye hakutoka mtoni akiwa hai.

Katikati ya mwaka Nyirenda alivuka mpaka kuingia upande wa Kongo, katika nchi ya Sakania ninayoiandikia. Hapo ndipo mauaji yalipokuwa makubwa kuliko yote: hesabu inayotajwa kwa kawaida ni watu zaidi ya 170, mara kadhaa ya wale waliouawa kwa Shaiwila. Wabelgiji walipomtafuta alirudi Rhodesia, akakamatwa Septemba 1925, na 1926 akanyongwa. Shaiwila naye akanyongwa.

Wengi wameandika kwamba watu wa vijiji hivi walidanganywa na mgeni. Sikubali. Mgeni hawezi kujua nani anashukiwa katika kijiji asichokijua. Walioletwa mtoni waliletwa na majirani zao, na pengine na ndugu zao. Shaka ile ilikuwapo kabla yake. Ilikuwa imekusanyika kwa miaka kumi na mitano ya reli, kodi, kichomi na homa, kila kijana aliyefia mbali akiongeza sehemu yake. Sisemi hii ndiyo sababu pekee. Tamaa ya machifu ilikuwapo, na hasira dhidi ya utawala pia. Lakini mahali ambapo vijana wengi hivyo wamekufa bila kuelezwa, anayesema anajua muuaji atapata wasikilizaji. Na waliolipa ni watu wasio na kosa, waliozamishwa kwa ajili ya vifo vilivyosababishwa na baridi, maji machafu na virusi.

Kwa Wabelgiji somo lilikuwa jingine. Waliliogopa jina la Watchtower, na wafuasi wa Kitawala, kama dini hiyo ilivyoitwa Kongo, wakaandamwa na kupelekwa uhamishoni kwa miaka mingi. Union Minière, kuanzia 1928, ilibadilisha mwendo kwa sababu zake yenyewe: ikawaweka wafanyakazi kwa mikataba mirefu, pamoja na wake na watoto, ikajenga nyumba na hospitali, na vifo kambini vikapungua. Faida hiyo haikuvuka uzio kwenda kwa kibarua wa shambani.

Miaka ya 1930 wakaja vijana wengine kutoka Nyasaland, waliovaa nguo za kizungu, wakipita Rhodesia ya Kaskazini kijiji kwa kijiji. Hao waliitwa Bamuchapi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyekuwa akiishi kati ya Wabemba, aliwaona kazini mwaka 1934. Walipanga watu mstari, wakawatazama kwa kioo kidogo, na aliyeonekana ana uchawi alitoa pembe na hirizi zake. Kisha wote, mshtaki na mshtakiwa, walikunywa dawa ya kuwasafisha. Baada ya hapo kila mtu alirudi nyumbani kwake.