Sifuri ya Cher

Kabla ya Auto-Tune kurekebisha koo la mtu yeyote, hesabu zake zilikuwa zinatafuta mafuta. Andy Hildebrand, mhandisi Mmarekani, alikuwa akichambua mitetemo ya ardhi kwa kampuni kama Exxon: unalipua baruti, unasikiliza mwangwi, unakisia kilicho chini. Baadaye akaacha kazi hiyo na kurudi chuo kusomea muziki. Mwaka 1997 kampuni yake, Antares, ikatoa programu iliyosikiliza mwimbaji vile yeye alivyokuwa akisikiliza miamba.

Lengo lilikuwa kusaidia kimyakimya. Msanii ameimba poa, ila noti moja imeteleza. Programu inaivuta hadi noti iliyo karibu bila msikilizaji kushtuka. Kuna kitufe cha kupanga kasi ya kuvuta. Ukikiweka sifuri, sauti haitelezi tena kati ya noti. Inaruka, kama mtu anayepanda ngazi. Hildebrand aliiacha hiyo sifuri kama mzaha. Hakudhani mtu mwenye akili timamu angeitumia.

Mwaka uliofuata, Mark Taylor na Brian Rawling wakaitumia London kwenye "Believe" ya Cher. Halafu (hapa ndipo ninapowapenda) wakaficha. Jarida la Sound on Sound lilipotaka kujua siri mwaka 1999, likaambiwa ni vokoda, mashine ya kitambo. Mpishi hatoi siri ya pilau lake, bana.

T-Pain hakuficha, na akalipia. Amesimulia kwamba mwaka 2013, wakiwa ndani ya ndege, Usher alimwambia ameharibu muziki, na maneno hayo yakamtumbukiza kwenye huzuni ya miaka minne. Mwaka 2014 akaimba NPR bila programu. Watu wakashangaa kwamba anajua kuimba. Kwani walidhani mashine inatunga?

Mimi nilikuwa upande wa Usher hadi nilipomrekodi nyanya yangu Mombasa, kwa simu, akiimba wimbo wa harusi. Nilipoingiza sauti yake kwenye laptopu, programu ilijua noti 12 tu. Nyanya amelelewa na taarabu, na taarabu imerithi kutoka kwa Waarabu sauti zinazokaa katikati ya hizo 12. Kila alipokaa hapo, programu iliona kosa, ikanyoosha. Kilio chote kikaisha.

Nikakaribia kufuta. Badala yake nikaweka sifuri, halafu nikamrudisha nyanya halisi chini yake, sauti mbili pamoja. Mashine inaruka, yeye anapita katikati. Zilipoachana ndipo nilipomsikia vizuri zaidi, zile sehemu ndogo ambazo sikuwahi kuzigundua maisha yangu yote.

Nikamtumia.

"Huyu n'nani aniigaye?" akauliza.

"Ni wewe, nyanya."

Akanyamaza kidogo. "Basi mwambie apumue."