Magari ya Wafalme wa Pahlavi
Makumbusho ya Taifa ya Magari ya Iran, Karaj

Reza Shah alitawala Iran kuanzia 1925, na mwanawe Mohammad Reza akampokea kiti mwaka 1941. Magari yaliyomo humu yaliwabeba wao na jamaa zao. Januari 1979 Mohammad Reza aliondoka nchini kwa ndege na hakurudi tena, magari yakabaki.

Anza na Pierce-Arrow ya mwaka 1930, gari la Reza Shah. Itazame mbele: taa zake hazikusimama kando ya rejeta kama kwenye magari mengine ya wakati ule, bali zimeota juu ya madigadi. Hiyo ndiyo alama ya kiwanda chake cha Buffalo, Marekani, kilichofungwa mwaka 1938.

Kisha simama mbele ya Rolls-Royce Phantom IV, na usiwe na haraka. Kati ya 1950 na 1956 yaliundwa magari 18 tu ya aina hii, la kwanza likiwa la Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Tajiri wa kawaida hakuuziwa. Yalitengwa kwa wafalme na wakuu wa nchi. Chini ya boneti mna silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, injini yenye subira, inayokubali kwenda mwendo wa gwaride bila kutetemeka. Bodi ilijengwa na mafundi wa Hooper, London. Inama kidogo uione mikunjo ya madigadi: bati lile lilikunjwa kwa mkono.