Bugenvilia: ua la Asiatique na mtu aliyelichuma

Hiki tunachokiita ua la bugenvilia si ua. Zile sehemu nyembamba kama karatasi, za zambarau au nyekundu, ni majani tu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati, ambacho hakuna mtu anakiangalia. Na historia ya mmea huu iko hivyohivyo.

Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 1767 meli za Ufaransa chini ya Louis Antoine de Bougainville zilifika Rio de Janeiro, Brazili. Mtaalamu wa mimea alikuwa Philibert Commerson, naye alikuwa na mtumishi, kijana mchapakazi wa kubeba mizigo na kukusanya mimea. Kumbe yule kijana alikuwa mwanamke, Jeanne Baret. Mwanamke hakuruhusiwa kusafiri katika meli za jeshi, basi akavaa nguo za kiume. Commerson alisumbuliwa na kidonda cha mguu, na wapo wanahistoria wanaodhani kwamba aliyeukata mmea huu porini ni Baret. Jina wakapewa wakubwa: mmea ukaitwa kwa kapteni.

Commerson alifia Mauritius mwaka 1773. Baret alirudi Ufaransa baadaye, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mwaka 1785 serikali ilimpa pensheni ya livre 200 kwa mwaka. Mmea wenye jina lake ulipatikana mwaka 2012 tu, tena ni wa jamii moja na nyanya na bilinganya. Miaka zaidi ya mia mbili! Sisi tunaosubiri karatasi tusilie peke yetu.

Sasa tuje Bujumbura. Wabelgiji walipotawala, mji ukiitwa bado Usumbura, waligawa watu kwa makartie: Wazungu upande wao, Wahindi na Waarabu Asiatique, Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Jina Asiatique lenyewe ni alama ya ule mgawanyo, ingawa leo tunalitaja bila kufikiri. Ukipita pale utaona bugenvilia imepanda juu ya ukuta na kumwagika upande wa barabara. Kwa Kiswahili kuna ua la kutazama na kuna ua wa kuzungushia nyumba. Bugenvilia ni yote mawili: inapendeza, na ina miiba.

Vijana ninaofanya nao kazi walipotaka kuipanda, wazazi wengine walikataa. Haliwi, wakasema, na hapa tunapita tu. Kupanda ua ni kukubali kwamba tunabaki. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Ardhi ni ya wenyewe, sawa, lakini tawi halina mwenye nyumba. Siku ya kuondoka unakata lingine, unakwenda nalo.

Kuipanda si kazi. Omba kwa jirani tawi lililokomaa, nene kama penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Lile laini la kijani litaoza. Toa majani, chomeka tawi kwenye kopo tupu la mafuta lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na mchanga. Liweke kivulini, udongo uwe na unyevu kidogo tu. Usilivutevute kuangalia kama limeshika, watoto wanapenda sana kufanya hivyo. Baada ya wiki sita au zaidi litakuwa na mizizi. Ukilihamisha, lihamishe na udongo wake wote, maana mizizi yake haipendi kusumbuliwa.

Halafu jua, jua la kutosha, siku nzima ikiwezekana. Rangi hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo ikimaliza kuchanua ipunguze. Na ikijaa majani ya kijani bila rangi yoyote, usikimbilie mbolea. Punguza maji kwanza. Ndiyo maana wakati wa kiangazi, nyasi zote zikiwa zimekauka, yenyewe ndiyo inawaka.