Sataranji: Ufanye kaslingi lini? Mambo 5 ya kuangalia kabla ya kumficha mfalme

Mchezo ndio kwanza umefika hatua ya 8. Malkia wako kashatoka, unawaza kushambulia tu. Ghafla katikati ya ubao kunafunguka, na mfalme wako bado yuko palepale alipoanzia. Hatua chache mbele, kwisha habari.

Kama unajifunza sataranji kwenye simu, huenda hili limeshakukuta. Dawa yake ni kaslingi, lakini swali ni moja: lini?

Kwanza, sheria

Kaslingi ndiyo hatua pekee inayokuruhusu kusogeza kete zako mbili kwa mpigo. Mfalme anasogea miraba miwili kuelekea kwenye ngome, kisha ngome inamruka na kukaa upande wake wa pili.

Masharti ni haya:

- Mfalme na ngome hiyo wawe hawajasogea hata mara moja.
- Kusiwe na kete yoyote kati yao.
- Mfalme asiwe anashambuliwa, asipite wala asifikie mraba unaoshambuliwa.

Ngome ikishambuliwa si tatizo, kaslingi bado inaruhusiwa. Na ukicheza mezani kwenye mashindano, shika mfalme kwanza. Ukianza kushika ngome, kaslingi ya upande huo huipati kwa hatua hiyo.

1. Je, katikati kunafunguka?

Askari wa katikati wakianza kulana, usichelewe. Mwaka 1858 jijini Paris, Mmarekani Paul Morphy alicheza na mabwana wawili wakubwa walioshirikiana dhidi yake. Hatua ya 12 alifanya kaslingi upande mrefu, na ngome yake ikaingia moja kwa moja kwenye mstari wa d uliokuwa wazi. Mfalme wa wapinzani wake hakuwahi kutoka katikati. Hatua ya 17, mchezo ukaisha.

Kwa hiyo kaslingi si kujificha tu. Inaamsha na ngome pia.

2. Je, njia iko tayari?

Upande mfupi unahitaji kutoa farasi na askofu tu. Ndiyo maana kwenye ufunguzi wa Kiitaliano (e4, e5, kisha farasi f3 na c6, askofu c4 na c5) mweupe anaweza kufanya kaslingi hatua ya 4 tu. Upande mrefu lazima malkia naye apishe.

3. Ukuta wa askari ukoje?

Angalia askari walio mbele ya nyumba mpya ya mfalme. Kama umeshasukuma g na h, unamhamishia kwenye nyumba isiyo na mlango. Ukienda upande mrefu, kumbuka askari wa a anabaki bila mlinzi, hivyo mara nyingi utahitaji hatua moja zaidi kumsogeza mfalme hadi b1.

4. Mpinzani amelenga wapi?

Kama maaskofu wake wawili na malkia wanatazama upande mfupi, huku askari wake wa h anapanda, usikimbilie huko. Subiri, au nenda upande wa pili. Lakini mkienda pande tofauti, jua mbio zimeanza: kila mmoja atasukuma askari kumfuata mfalme wa mwenzake, na anayepoteza hatua moja anaumia.

5. Malkia bado wapo?

Malkia wakishabadilishana, hatari kwa mfalme hupungua sana. Mwaka 2000 jijini London, Vladimir Kramnik alitumia ulinzi wa Berlin dhidi ya bingwa wa dunia Garry Kasparov. Katika njia hiyo, malkia wanatoka hatua ya 8 na mweusi anapoteza kabisa haki ya kaslingi. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja, na taji likaenda kwa Kramnik kwa pointi 8.5 kwa 6.5.

Kwa kifupi

Kama bado unajifunza, lenga kufanya kaslingi kabla ya hatua ya 10. Ukitaka kuchelewesha, uwe na sababu unayoweza kuitaja: kuna kete ya bure ya kula, kuna tishio la kuzuia, au katikati kumefungwa kabisa.

Huna sababu? Basi mfiche mfalme sasa. Kushambulia kutafuata.