Picha ya Ubongo na Ugonjwa wa MS

Leo tunazungumzia ugonjwa ambao kwa zaidi ya miaka 100 madaktari waliutambua wakiwa wamechelewa.

Mama kijana anafifia jicho moja kwa wiki chache, kisha anaona tena. Baada ya mwaka, miguu inakufa ganzi. Akitoka kuchuma majani chai anayumba, na majirani wanasema amelewa au amerogwa. Huenda ni maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Hauambukizi. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40.

Mwaka 1868, daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alilinganisha dalili za wagonjwa na makovu yaliyoonekana katika ubongo wao walipokufa. Kwa mgonjwa aliye hai makovu hayo hayakuonekana, hivyo daktari alingoja shambulio la pili ndipo awe na hakika. Tena ilidhaniwa kwamba Mwafrika hapati MS, mpaka mwaka 1970 madaktari Foster na Harries walipoandika katika jarida la kitabibu la Uingereza juu ya ugonjwa huu kwa Mwafrika.

Mwaka 1981, huko London, mashine ya MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, ilionyesha makovu hayo katika ubongo wa watu walio hai. Mwaka 2001, madaktari wakiongozwa na Ian McDonald walikubaliana kwamba kovu jipya kwenye picha laweza kuhesabiwa badala ya shambulio la pili. Siku hizi mgonjwa anaweza kutambuliwa baada ya shambulio la kwanza. Dawa za MS haziponyi kabisa, lakini zikianzwa mapema hupunguza mashambulio na kuchelewesha ulemavu.

Picha peke yake haitoshi, kwa kuwa maradhi mengine pia huacha makovu. Na MRI ni ghali, haipatikani katika kila hospitali. Kwa hivyo mama, maelezo yako ndiyo yatakayomfanya daktari akuandikie rufaa. Andika jicho lipi lilififia, tarehe gani, kwa siku ngapi. Dalili ikitoweka, usinyamaze. Mweleze daktari hata kama leo unaona vizuri.